Mtoto wa Jicho

Wanauita mtoto wa jicho.
Mama alicheka alipolisikia jina hilo:
"Nimezaa saba. Huyu wa nane
kakataa kutoka, kafunga mlango kwa ndani."

Miaka minne aliiona dunia
kama uji wa uwele uliopoa.
Mimi alinijua kwa kikohozi,
mbuzi kwa harufu,
mchungaji kwa viatu vyake vinavyolia kanisani.
Na kila kivuli kilichosimama mlangoni
alikiita Chibago.

Chibago ni mdogo wangu.
Aliondoka mwaka ule mtama ulipokauka ungali maziwa,
akauza ng'ombe wawili wa marehemu baba
mnadani Msalato,
akasema nitarudi na bati za nyumba.
Hajaleta hata msumari.

Na mimi niliyebaki,
niliyefukua mchanga wa korongo kila kiangazi
hadi maji yakatoka kama jasho,
niliyembeba mgongoni alfajiri ya Pasaka
asikose kuimba kaburi li wazi,
niliitwa kwa jina la aliyekimbia.
Nikaitika.
Lakini moyoni nilikuwa na daftari,
na kila "Chibago" niliuandika kama deni.

Alhamisi, hospitali ya Mvumi, walimfungua bandeji.
Muuguzi, binti wa Kirangi mwenye sauti ya chini,
akamwambia: taratibu, mama, usiharakishe mwanga.
Nje upepo ulikuwa unasugua vumbi kwenye wavu wa dirisha.
Nilijua atauliza yuko wapi.
Nikakaza mwili kama mtu anayengoja sindano.

Akanyoosha mkono,
akagusa nywele zangu hapa, juu ya sikio.

"Ndahani. Una mvi.
Ulizeeka lini, na mimi nimo humu humu ndani?"

Kisha akalia, na muuguzi akamkataza kulia
kwa sababu ya jicho.
Hakumkataza mtu mwingine,
nami nilitoka nje kwenye vumbi.

Nimechunga mbuzi tangu nina miaka sita.
Jioni, kwenye mlango wa zizi,
nani hutaja mbuzi aliyekwisha kuingia?
Hutajwa aliyepungua.
Mpaka giza linakushika ukimwita yule mmoja,
na hawa walio ndani hawajapungukiwa upendo,
wanacheua tu, wamelala.
Haya nayajua kwa miguu yangu.
Iweje sikuyajua kwa mama?

Ee Bwana,
yule kipofu wa Bethsaida ulimgusa mara mbili.
Baada ya mguso wa kwanza
aliona watu, lakini kama miti inayotembea.
Mimi niko hapo, katikati ya mikono yako.
Ninaona mti unaoitwa ndugu yangu.
Sijauona uso.
Sitakudanganya kwamba daftari nimelichoma:
nimechana ukurasa mmoja,
na nilipouchana mkono ulitetemeka
kama wa mtu anayeiba.

Tulirudi kwa pikapu ya makreti ya zabibu.
Mama alitaja kila kitu kama Adamu:
mlima, nguzo za umeme, punda, "hilo bango la nani?",
akala zabibu za watu bila kuomba,
akasema zina rangi kuliko alivyokumbuka.

Siku moja na sisi tutafunguliwa bandeji.
Nilikuwa nikiiogopa siku hiyo;
nilidhani swali la kwanza litakuwa la ng'ombe,
wangapi, waliuzwa wapi, nani alikula.
Sasa nadhani Mkono utanyooka kwanza,
utatugusa hapa, juu ya sikio,
na Yule aliyetuona siku zote
atatuita kila mmoja kwa jina lake,
bila kukosea.

Jioni hii mama kaweka kigoda kuelekea barabarani.
Nimeleta cha kwangu.
Anaona mbali kuniliko mimi, na anajisifu.
Kuna mtu anakuja kutoka upande wa reli,
mrefu, amebeba kitu begani.
"Si yeye," anasema mama, "huyo ni muuza mikeka."

Nami, kabla sijajizuia,
nilikuwa nimeshasimama.